Usikiache Kidonge Kimyakimya: Kuishi na Matibabu ya Homoni Baada ya Saratani ya Matiti

Haya ni maneno ya muuguzi wa kliniki ya saratani katika hospitali ya kaunti alipozungumza na vikundi vya akina mama mwezi wa Oktoba, ambao ni mwezi wa kuhamasisha umma kuhusu saratani ya matiti. Tumeyachapisha kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala ya kupelekea mama, dada na majirani zao.



Mwezi huu mmesikia mengi kuhusu kujipapasa matiti na kuja kupimwa mapema. Hayo ni kweli na yasemwe kila mwaka. Lakini mimi leo nimeomba nizungumzie kinachofuata baadaye. Upasuaji umekwisha, kemo imekwisha, nywele zimeanza kuota, na watu wameacha kuja kukupa pole. Umebaki na kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka 5 au zaidi. Hapo ndipo tunapowapoteza akina mama wengi, na tunawapoteza kimyakimya.

Nianze na mama mmoja ambaye ameniruhusu nimtaje bila jina. Ana miaka 58, na riziki yake ni kupika mahamri na kuuza alfajiri. Kila alipokuja kliniki alisema, "Sijambo, namshukuru Mungu." Siku moja niliangalia kadi yake nikaona hesabu haiingiani: dawa alizochukua zilikuwa zimeisha zamani, lakini hakuja kuchukua nyingine. Nikamuuliza polepole. Akanyamaza, kisha akaniambia, "Mwanangu, nikiamka vidole havikunjiki. Unga siwezi kuukanda. Nisipokanda unga, watoto watakula nini?" Alikuwa ameacha dawa miezi minne. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Niliogopa mtanigombeza."

Sikuwa na la kumgombeza. Ziara zote zile tulimuuliza kama kidonda kimepona, na hakuna aliyemuuliza kama vidole vinakunjika. Kosa lilikuwa letu kwanza. Ndiyo sababu nimesimama hapa.

KIDONGE HIKI KINAFANYA NINI?

Saratani za matiti si aina moja. Zaidi ya nusu ya akina mama wanaougua wana aina inayokula homoni ya kike, yaani estrojeni, kama moto unavyokula kuni. Maabara hulipima lile pande la nyama lililotolewa na kusema kama saratani yako ni ya aina hiyo. Kama hujui yako ni ipi, uliza. Una haki ya kujua.

Wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Ovari zikishapumzika, mtu hudhani homoni zimekwisha kabisa. La. Mwili huendelea kutengeneza estrojeni kidogo kidogo katika mafuta ya mwili, misuli na ngozi. Hicho kidogo kinatosha kuamsha chembe ya saratani iliyojificha.

Kuna makundi mawili ya vidonge. La kwanza ni tamoksifeni. Hii hukaa mlangoni pa chembe ya saratani na kuizuia estrojeni isiingie. La pili ni dawa zinazozuia mwili usitengeneze ile estrojeni kidogo iliyobaki. Hizi ni anastrozoli, letrozoli na eksemestani, na hupewa akina mama waliokwisha koma hedhi. Ukiwa unameza moja ya hizi tatu, kisha ukaona damu kama ya mwezi, njoo utuambie upesi. Huenda ovari zako hazijalala, hasa kama hedhi ilikatika kwa sababu ya kemo.

Faida yake ni kubwa. Kwa saratani ya aina hii, kumeza tamoksifeni kwa miaka 5 hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja, na kinga hiyo huendelea hata baada ya kumaliza dawa. Zile za kundi la pili, kwa mama aliyekoma hedhi, hufanya vizuri zaidi kidogo. Kwa hivyo kidonge hiki si cha kumalizia tu. Ni matibabu kamili, sawa na upasuaji.

Lakini ukiunyima mwili estrojeni, mwili utalalamika. Nitayapitia malalamiko hayo moja baada ya jingine.

MAUMIVU YA VIUNGO

Hili ndilo linalowaachisha wengi dawa za kundi la pili. Karibu nusu ya wanaozimeza huumwa na viungo. Mara nyingi huanza katika miezi miwili mitatu ya mwanzo. Asubuhi vidole vimekakamaa, magoti hayataki ngazi, na wengine hupata ganzi mikononi usiku. Ukishatembeatembea, hupungua. Mama wengi hufikiri ni uzee, au saratani imerudi kwenye mifupa. Mara nyingi ni dawa tu. Lakini maumivu ya sehemu moja yasiyokoma, yanayozidi siku baada ya siku na kukuamsha usiku, hayo yaje kupimwa.

Najua nitakalosema sasa litawashangaza: dawa nzuri ya maumivu haya ni mazoezi. Kule Marekani, kikundi cha akina mama 121 waliokuwa wakiumwa hivi kiligawanywa mara mbili. Nusu walifanya mazoezi kwa mwaka mzima, wengine wakaendelea kama kawaida. Waliofanya mazoezi, maumivu yao yalipungua kwa zaidi ya robo. Wengine walibaki pale pale.

Huhitaji jimu. Tembea dakika 30 kwa mwendo wa mtu anayewahi matatu, siku 5 kwa wiki. Kisha siku mbili kwa wiki, fanya mazoezi ya nguvu. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara kumi. Chukua chupa mbili za maji za lita moja, inua juu ya kichwa, shusha. Asubuhi, kabla ya kuanza kazi, tia mikono katika maji ya uvuguvugu na ufungue na kufunga vidole. Utaniambia, "Mimi nachota maji na kufua kila siku, hayo si mazoezi?" Ni kazi, na inasaidia, lakini kazi hukuchosha upande mmoja wa mwili. Mazoezi huyapangia viungo vyote zamu.

Ukihitaji dawa, anza na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Diklofenaki na ibuprofeni zisiwe za kila siku bila daktari kujua, kwa sababu huchoma tumbo, huchosha figo na kupandisha presha, na wengi wetu hapa tuna presha. Ziogopeni zaidi zile sindano za maumivu za dukani. Baadhi zina steroidi, na steroidi zikitumiwa mara kwa mara hudhoofisha mifupa, ambayo tayari iko hatarini.

Yote yakishindikana, bado tuna njia. Daktari anaweza kukupumzisha wiki chache kisha akubadilishie kidonge, kutoka anastrozoli kwenda letrozoli au eksemestani, au hata tamoksifeni. Wengi ambao cha kwanza kiliwashinda, cha pili wanakiweza. Lakini mapumziko hayo yana tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi. Kuacha kimyakimya hakuna tarehe ya kurudi.

JOTO LA GHAFLA NA JASHO LA USIKU

Umeketi vizuri, mara joto linapanda kifuani hadi usoni, jasho linakutiririka, kisha baridi. Dawa za makundi yote mawili hulileta. Sisi wa Pwani tuna joto letu la nje, sasa linaongezeka la ndani!

Chunguza nini kinakuamshia. Kwa wengi ni chai ya moto, pilipili, pombe, au hasira. Chai iache ipoe kidogo. Vaa nguo za pamba nyepesi, na ndani ya buibui uwe na dera jepesi badala ya nguo za nailoni. Usiku weka leso kavu karibu na mto ili usiamke kutafuta. Joto likipanda, vuta pumzi polepole kwa pua hadi tumboni, toa polepole, kwa dakika chache. Wengine husaidika kwa kubadili saa ya kumeza kidonge, asubuhi badala ya usiku au kinyume chake. Muhimu ni saa iwe moja kila siku.

Joto likikunyima usingizi wiki baada ya wiki, tuambie. Zipo dawa zisizo za homoni zinazolipunguza. Hapa nina onyo moja. Kama unameza tamoksifeni, dawa mbili za msongo wa mawazo, paroksetini na fluoksetini, huipunguzia tamoksifeni nguvu. Zipo nyingine zinazofaa. Kwa hivyo popote utakapotibiwa, hata kama ni jino tu, onyesha pakiti ya kidonge chako.

JAMBO TUNALOONEA HAYA

Mama zangu, nitasema kwa heshima, na akina baba mtanisamehe. Dawa hizi hukausha ukeni. Kukaa na mume kunakuwa maumivu, mke anaanza kukwepa, mume anadhani amechukiwa au ana mwingine. Nyumba inaingia baridi, na hakuna anayejua kwamba sababu ni kidonge.

Dawa ya hili ipo. Yapo mafuta laini ya majimaji yanayouzwa dukani kwa ajili ya tendo la ndoa, na mengine ya kulainisha yanayotumiwa mara mbili tatu kwa wiki. Ukitumia kondomu, usipake mafuta ya nazi wala mafuta ya mgando, maana huiharibu mpira wake. Usioshe ndani kwa sabuni, wala usiweke shabu au dawa za kukaza. Zitakuchubua na kuleta maambukizi. Na krimu yenye estrojeni usiitumie mpaka daktari wa saratani akubali.

Akina baba, mkiambiwa na mke kwamba anaumia, mwamini. Mpe muda. Ukimsindikiza kliniki siku moja tu, tutakueleza na wewe.

MIFUPA

Vidole vikiuma unasikia. Mifupa ikipungua nguvu husikii kitu, hadi siku unateleza bafuni na nyonga inavunjika. Dawa za kundi la pili huharakisha mifupa kudhoofika. Tamoksifeni, kwa mama aliyekoma hedhi, haina tabia hiyo.

Kula chakula chenye kalisi: maziwa, maziwa lala, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki. Mchicha tule, ila kalisi yake haiingii mwilini vizuri, tusiutegemee peke yake. Jua hutupa vitamini D. Mama anayeshinda ndani au aliyejifunika muda wote aulize kama anahitaji vidonge vyake. Tumbaku na pombe huila mifupa. Kutembea na mazoezi ya nguvu huijenga. Nyumbani, ondoa mkeka uliokunjika njiani, bafu lisiwe na utelezi, na usiku shika tochi.

Kipo kipimo cha uimara wa mifupa, lakini hakipo kila hospitali. Kama unaweza kukipata, ni vizuri upimwe mwanzoni mwa dawa. Ipo pia dripu ya kulinda mifupa inayotolewa kila baada ya miezi 6, ambayo kwa mama aliyekoma hedhi husaidia pia kuzuia saratani isirudi mifupani. Kabla ya kuanza dripu hiyo, meno yaangaliwe kwanza.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mengi niliyosema yanaweza kusubiri siku ya kliniki. Haya hayasubiri, hasa kwa wanaomeza tamoksifeni.

Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu na kuwa wa moto, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Ukikosa pumzi ghafla, ukaumwa na kifua au kukohoa damu, huenda donge la damu limefika mapafuni. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukisafiri safari ndefu kwa basi, simama ujinyooshe kila linaposimama.

Ukiona damu ukeni baada ya hedhi kukoma, hata tone moja, njoo upimwe. Tamoksifeni inaweza kunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na mara chache huleta saratani huko. Ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Macho yakififia pia tuambie.

TUSICHANGANYE VIDONGE VIWILI

Baada ya hedhi kukoma, kuna vidonge vingine vinavyoitwa pia vya homoni. Hivyo huongeza estrojeni mwilini, navyo hupewa mama asiye na saratani anayesumbuliwa na joto na kukosa usingizi. Huweza kuleta kichefuchefu, matiti kuuma na matone ya damu katika miezi ya mwanzo, na mengi hupoa baada ya miezi mitatu hivi. Damu ikiendelea au ikawa nyingi, apimwe. Na mama mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni peke yake, lazima iambatane na homoni ya pili ya kulinda mji huo.

Mama aliyeugua saratani ya matiti asiguse vidonge hivyo. Jirani akikwambia, "Mimi vilinisaidia joto, chukua vyangu," mshukuru na ukatae. Hali kadhalika mitishamba. Siwakatazi mila zenu, lakini kuna mitishamba inayofanya kazi kama homoni na mingine inayogombana na dawa. Leta hata jani lenyewe tulione. Hatutakucheka.

TUKISAHAU, TUKIFUNGA, TUKIKOSA NAULI

Ukisahau kidonge na ukakumbuka siku hiyo hiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho. Usimeze viwili. Wanaofunga Ramadhani, kidonge ni kimoja kwa siku, kwa hivyo unaweza kumeza wakati wa futari au daku. Eksemestani humezwa baada ya chakula, basi futari inaifaa.

Kuhusu gharama, tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA badala ya NHIF. Hakikisha umesajiliwa, malipo yako yamekamilika, na upite kwenye dawati la SHA hospitalini uulize unachogharamiwa kabla hujatoa pesa mfukoni. Huduma kubwa za saratani Pwani zipo katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani kule Mombasa, lakini si kila ziara lazima uende huko. Uliza kama unaweza kupata vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja. Nauli ikikosekana, mwambie mhamasishaji wa afya wa kijiji chako kabla dawa hazijaisha.

Nanyi wahamasishaji, mnapopita nyumba kwa nyumba, msiulize, "Unameza dawa?" Kila mtu atajibu ndiyo. Ulizeni, "Wiki hii vimekupita vingapi? Na kinakusumbua wapi?" Swali hilo la pili ndilo tulilolikosa sisi.

Mama wa mahamri tulimbadilishia kidonge. Akaanza kutembea na jirani yake jioni, kutoka kwake hadi kituo cha boda na kurudi. Maumivu hayajaisha yote. Kuna asubuhi bado humwita binti yake aanze kukanda, yeye achome. Lakini anameza kidonge chake kila siku, na sasa akija kliniki hasemi tena "sijambo." Anakaa, ananyoosha vidole mezani, na kuniambia kipi kimeuma wiki hii. Hivyo ndivyo tunavyotaka.

Yupo mwingine aliyeacha akakaa kimya, akarudi baada ya miaka miwili akiwa na maumivu ya mgongo. Tulipompiga picha, saratani ilikuwa imeshafika mifupani. Tunamtibu, na tunaendelea naye. Ila kila nikimwona natamani angekuja mapema, hata kama ni kuja kutulalamikia.

Basi, mama zangu, njooni mtulalamikie. Kichwa, viungo, joto, usingizi, nyumba, yote semeni. Hakuna atakayewagombeza. Kidonge kikikushinda, tuambie tukibadilishe. Usikiache kimyakimya.